Kijerumani cha Bure Kiko Kwa Simu Yako, Mbona Uuze Mbuzi wa Shosho Ulipe Ajenti?

Manze, siku hizi ni kama kila msee mtaani anasoma Kijerumani. Unapanda mat, jamaa wa kando yako anajiongelesha "ich bin, du bist" kama ameingiwa na kitu. Unafungua TikTok, dem wa kwenu ako kwa theluji na sare za nasi, anakuambia hata wewe unaweza.

Hii story ilishika moto Septemba 13, 2024, wakati mkataba wa uhamiaji na ajira kati ya Kenya na Ujerumani ulitiwa sahihi pale Berlin, Rais Ruto na Chansela wa wakati huo Olaf Scholz wakiwepo. Ikaenea kuwa Wakenya 250,000 wanaitwa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikaruka hiyo stori mbio: mkataba hauna idadi yoyote. Lakini unajua vile mtaa huwa. Namba ndio ilibaki kwa vichwa, na maajenti wakaona soko.

Sasa skiza. Huwezi enda na Kiswahili na Kizungu peke yake. Ukitaka Ausbildung, yaani yale mafunzo ya kazi yenye unalipwa ukisoma, mara nyingi wanadai kiwango cha B1. Nasi anayetaka kutambuliwa kama nasi kamili huko kwa kawaida huulizwa B2. Viwango ni sita, A1 hadi C2, kwa hivyo B1 ni ngazi ya tatu. Si mlima Kenya, lakini pia si kupanda ngazi za Archives.

Na hapa ndio ajenti anakushika. Anakuambia "miezi mitatu uko B1", lipa chapaa yote leo. Hebu tupige hesabu. Goethe-Institut wenyewe, ndio wenye mtihani, husema kufika B1 kunahitaji vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45. Chukua ile ya chini kabisa: hiyo ni karibu masaa 262. Ukisoma masaa mawili kila siku, Krismasi na Jumapili ndani, ni zaidi ya miezi minne. Ukiwa msee wa vipindi 650, ni miezi nane. Wa miezi mitatu wako, lakini hao wanashinda kwa vitabu kutwa, na wewe uko na hustle.

Kitu yenye huambiwi ni kwamba karibu nusu ya hiyo safari unaweza piga bila kulipa mtu. Deutsche Welle wana kozi inaitwa Nicos Weg, bure, kutoka A1 hadi B1. Ni kama series: Nico anafika Ujerumani kutoka Uhispania, begi inapotea, maisha inaanza. Unawatch kipande kifupi, unafanya mazoezi. Easy German wako YouTube wakihoji watu barabarani, na maneno yako chini ya picha. Anki inakusaidia kukariri maneno, na kwa Android ni bure. Duolingo ni poa ya kuamsha akili, lakini ukitegemea hiyo peke yake utafika mtihani ukijua kusema paka anakunywa maziwa.

Kuna kitu kingine. Watu hulia juu ya der, die, das. Buda, wewe umekua ukisema kiti hiki, mti huu, nyumba hii bila kufikiria. Ngeli zetu ni nyingi kuliko hizo jinsia zao tatu. Hata neno shule tuliliokota kwao. Mimi nilijaribu nikakwama A2, na haikuwa sababu ya ugumu. Nilikuwa nasoma kwa macho tu, sikufungua mdomo.

Hapo ndio bure inaisha. Simu haikurekebishi vizuri ukiandika barua, na haikuangalii usoni ukigugumia. Mtihani wa B1 uko na sehemu nne: kusoma, kusikiza, kuandika na kuongea, na kila moja inataka asilimia 60. Kwa hivyo kama uko na doh kidogo, usiimalize kwa A1. Piga A1 na A2 kwa simu, halafu lipia mwalimu wa kuongea na kuandika, na uweke kando ada ya mtihani. Mitihani ya mazoezi iko kwa tovuti ya Goethe bila malipo, sauti zikiwemo. Ifanye kabla hujalipia chochote pale Maendeleo House, ujue unasimama wapi.

Na kuna boyz walilipa ajenti mmoja hapa tao, wakasoma wiki sita, ofisi ikafungwa, simu mteja. Mathe wa mmoja alikuwa ameuza ng'ombe. Kabla hujatuma hata ndururu, angalia jina la kampuni kwa orodha ya mamlaka ya ajira, NEA, uone kama leseni iko hai. Hiyo pia ni bure, na inachukua muda mfupi kuliko kipande kimoja cha Nico.