Nani Aliyempeleka Griner Urusi?

Katika semina ya juma lililopita tulikuwa tukijadili uhamaji wa wafanyakazi, nami nikautumia mfano wa Brittney Griner, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani aliyefungwa nchini Urusi mwaka 2022. Nilitaraji mjadala uelekee kwenye diplomasia. Badala yake kijana mmoja wa mwaka wa tatu akauliza: "Lakini Mwalimu, huyo dada alifuata nini kule?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali hilohilo nimelisikia mara nyingi likiulizwa juu ya mabinti wetu wanaorudi kutoka Uarabuni na majeraha, na kila mara muulizaji huwa hangojei jibu.

Jibu lipo, nalo ni la hesabu. Griner hakuwa mchezaji wa kubahatisha aliyekosa timu kwao. Mwaka 2013 alikuwa wa kwanza kuchaguliwa miongoni mwa wachezaji wapya wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani. Mwaka uliofuata akatwaa ubingwa akiwa na Phoenix Mercury. Akaivalia jezi nchi yake na kurudi na dhahabu ya Olimpiki kutoka Rio na kutoka Tokyo. Pamoja na hayo yote, kima cha juu kabisa ambacho ligi hiyo iliruhusu mchezaji mmoja alipwe kwa msimu wa 2022 kilikuwa takriban dola 228,000. Katika msimu wa 2021–22 kijana aliyeingia NBA kwa mara ya kwanza na kushinda benchi hakuweza kulipwa chini ya dola 900,000. Nako Yekaterinburg, katika klabu ya UMMC inayofadhiliwa na kampuni kubwa ya madini ya shaba, Griner aliripotiwa kulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa msimu mmoja.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuza. Ligi ya wanaume ina mapato makubwa mno, ya wanawake ina mapato madogo, na mtu hawezi kugawana kisichokuwepo. Lakini suala halikuwa ukubwa wa kapu peke yake. Lilikuwa pia mgawanyo wa kilichomo. Wachezaji wa NBA hupata karibu nusu ya mapato ya ligi yao. Wanawake walikuwa wakipata sehemu ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Anayesema "mapato ni madogo" na kunyamaza hapo amesema nusu ya jambo.

Ndiyo maana kwa miaka mingi mchezaji bora wa Marekani hakuwa na likizo. Msimu wa nyumbani ulipokwisha alipanda ndege kwenda Urusi, Uturuki au China, akarejea masika inayofuata mwili ukiwa umechoka. Mwaka 2015 Diana Taurasi, mwenzake Griner katika Phoenix na katika UMMC, aliuacha msimu mzima wa Marekani kwa sababu klabu ya Urusi ilimlipa ili apumzike. Tazama hali ilipofikia: tajiri wa Urusi ndiye aliyenunua pumziko la mfanyakazi wa Marekani. Mwaka 2019 Breanna Stewart alikatika kano ya kisigino akiichezea Dynamo Kursk katika fainali ya Ulaya, na msimu wake wa nyumbani ukaishia hapo kabla haujaanza.

Kuna jambo dogo ambalo kwangu linaeleza mengi kuliko mishahara. Nchini Urusi klabu ya Griner iliwasafirisha wachezaji wake kwa ndege za kukodi. Kwao, kabla ya 2024, timu za WNBA zilisafiri kwa ndege za abiria wa kawaida katika msimu wa kawaida, na mwanamke wa mita 2.06 alikunja magoti kwenye kiti kama mimi na wewe. Mwaka 2021 wenye timu ya New York Liberty waliwakodia wachezaji wao ndege, na ligi ikawatoza faini ya dola 500,000, kwa hoja kwamba timu nyingine zisingeweza kumudu. Kosa lilikuwa kumtendea mfanyakazi vizuri kuliko kiwango.

Tarehe 17 Februari 2022, juma moja kabla ya Urusi kuivamia Ukraine, Griner alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Sheremetyevo akiwa na vichupa vya sigara ya kielektroniki vyenye mafuta ya bangi, uzito wake chini ya gramu moja. Alikiri kosa, na sitajaribu kumsafisha. Sheria ya nchi uliyomo inakuhusu. Lakini miaka tisa, iliyotolewa tarehe 4 Agosti na mahakama ya Khimki, haikuwa bei ya gramu moja. Ilikuwa bei ya mtu mashuhuri wa taifa hasimu. Akapelekwa kambi ya wafungwa ya Mordovia, na tarehe 8 Desemba, katika uwanja wa ndege wa Abu Dhabi, akabadilishwa na Viktor Bout.

Hapo ndipo darasa lilipotulia, kwa sababu jina hilo si geni kwa baadhi yetu. Bout ni mfanyabiashara wa silaha aliyetajwa katika ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu vita vya Angola, Liberia na Sierra Leone, na mwaka 2006 serikali ya Rais Bush ilimweka katika orodha ya watu wa kuzuiwa mali kwa sababu ya vita vya Kongo. Hata hivyo, kifungo cha miaka 25 alichopewa New York mwaka 2012 hakikuwa cha damu ya Mwafrika yeyote. Kilitokana na mpango wa kuwauzia silaha waasi wa Kolombia ili wawaue Wamarekani. Mwanafunzi mmoja kutoka Bukavu alisema taratibu kwamba kwao hakuna aliyeulizwa, alipofungwa wala alipoachiwa. Sina la kuongeza juu ya maneno hayo. Sisemi Griner angeachwa gerezani. Nasema tu kwamba gharama ya mshahara mdogo ilisafiri mbali mno, ikawafikia watu wasiojua hata kanuni za mchezo huo.

Griner aliporejea uwanjani mwaka 2023 alieleza waziwazi kwamba tofauti ya malipo ndiyo inayowapeleka wengi wao ng'ambo, na kwamba yeye hatacheza tena nje isipokuwa kwa ajili ya Olimpiki. Mwaka huohuo kikaanza kutumika kifungu kilichokuwamo katika mkataba wa hali bora wa 2020: mwaka huo wa 2023 mchezaji mzoefu aliyechelewa kurudi kutoka ng'ambo alitozwa faini, na asipofika kabla ya msimu kuanza alifungiwa msimu mzima. Yaani mlango wa kutokea ulianza kufungwa huku dari la mshahara likiwa bado chini. Wachezaji walijibu kwa namna yao. Stewart na Napheesa Collier walianzisha ligi yao, Unrivaled, iliyoanza Miami Januari 2025, ambamo wachezaji wana hisa. Na Julai mwaka huo, katika mchezo wa nyota wote Indianapolis, waliingia uwanjani na fulana zenye maandishi ya kudai walipwe wanachowadai wenye ligi.

Yule kijana alinifuata baada ya semina, akaniambia hakukusudia kumdharau mtu. Nilimwamini. Nikampa kazi ya juma lijalo: akasome vifungu vya mishahara vya mkataba wa 2020, kisha aje aliulize upya swali lake, safari hii akilielekeza kwa waliotia saini.