Morani Ameweka Mkuki, Tajiri Asipewe Bunduki

Kila baada ya miaka michache wazo hili hufufuliwa: Kenya ifungue tena uwindaji wa burudani, tajiri aje na mamilioni yake, ampige simba risasi, aende kwao na ngozi, nazo fedha zitunze simba waliosalia. Huku Kileleshwa, Nairobi, nalisikia kwa majirani zangu wasomi, wameketi kwenye roshani za maghorofa yaliyomeza bustani za zamani. “Mnyama ajilipie,” wanasema. Mimi nasema hapana. Wazo hili ni ukatili kwa mnyama, ni hatari kwa binadamu, na zaidi ya yote ni tusi kwa wanaolala na simba nje ya boma.

Kwa vizazi vingi kijana wa Kimaasai alionyesha ushujaa wake kwa olamayio, kumwinda simba kwa mkuki na ngao. Alikwenda kwa miguu, akamkabili mnyama uso kwa uso, na akikosea alikufa. Kisha serikali na wahifadhi wakamwambia: simba wamepungua, acha. Wengi wakaacha. Tangu 2012 morani wa Amboseli hushindana katika Olimpiki ya Kimaasai, wakikimbia, wakiruka, wakirusha rungu na mkuki, mwanariadha David Rudisha akiwa mlezi wao. Wengine wameajiriwa na Lion Guardians, shirika lililoanza 2007, wafuate nyayo za simba na kuwaonya wachungaji wasipeleke mifugo upande huo. Morani ndiye tuliyemwomba aweke mkuki chini. Leo tumwambie nini? Kwamba yeye akimuua simba aliyekula ng'ombe wake atafungwa, lakini mgeni akimuua simba asiyemkosea lolote ataandaliwa karamu na kupigwa picha?

Sheria ya namna hiyo tumewahi kuishi chini yake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alitua Mombasa na mwanawe Kermit. Safari yao ilipokwisha, wawili hao walikuwa wameua wanyama 512, simba 17 miongoni mwao. Dunia iliwapigia makofi. Katika nchi hiyo hiyo, Mkamba aliyetoka na upinde kutafutia watoto wake kitoweo aliitwa jangili na kutupwa jela. Mei 1977 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipopiga marufuku uwindaji, ilifunga pia ukurasa huo. Desemba 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao ungeufungua upya, Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza fundo. Wanaotaka kulifungua watuambie wanamrudishia nani nchi hii.

Wala asitokee mtu wa kutuimbia ushujaa. Simba wa biashara huwindwa hivi: paja la pundamilia au nyati hufungwa mtini, likavunda, harufu ikasambaa. Hatua chache kutoka hapo hujengwa kibanda cha nyasi. Mteja huketi ndani, bunduki yenye darubini imeegemezwa tayari, mwindaji wa kulipwa kando yake akimnong'oneza wakati wa kufyatua. Simba huja kula, naye hufa akila. Julai 2015 huko Zimbabwe, Cecil, simba aliyekuwa amevaa kola ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, alivutwa kwa chambo nje ya hifadhi ya Hwange. Daktari wa meno kutoka Marekani akamchoma mshale. Hakufa papo hapo. Alibeba jeraha lake kwa saa nyingi kabla ya kumaliziwa. Starehe ya nani inafaa kununuliwa kwa saa hizo?

Uwindaji wa namna hii haumuumizi mnyama peke yake. Mwaka 1911 George Grey, ndugu yake Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alimfukuza simba kwa farasi kwenye nyanda za Athi. Simba akamrarua, naye akafia hapa Nairobi. Jina lake limo vitabuni. Majina ya wabeba bunduki Waafrika waliotumwa vichakani kumfuata simba mwenye risasi mwilini, mengi hayakuandikwa popote. Na simba kilema asiyeweza tena kumkimbiza pundamilia huweza kugeukia zizi, au mchungaji.

Kisha kuna hesabu ambayo mfanyabiashara hukuficha. Dume mkubwa akiuawa, madume wageni huvamia kundi na kuua watoto aliowaacha. Risasi moja, vifo vingi. Utafiti wa Craig Packer na wenzake nchini Tanzania, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba simba walipungua zaidi kwenye vitalu vilivyowindwa kwa wingi. Kenya nzima, kwa sensa ya 2021, ilikuwa na simba 2,589. Hiyo si akiba ya kuchezea.

Watetezi wa bunduki wana hoja moja nzito, nami siikwepi. Mtafiti Joseph Ogutu na wenzake walionyesha kuwa kati ya 1977 na 2016 wanyamapori wa Kenya walipungua kwa asilimia 68, marufuku ikiwepo. Ni kweli, na inauma. Lakini kilichowamaliza ni ua, mashamba, makazi, mifugo iliyozidi malisho, na ujangili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondolewa na mtalii mwenye bunduki.

Wala sisahau mwenye kuumia. Aprili 2025 simba alimuua msichana wa miaka 14 kwenye ranchi inayopakana na Mbuga ya Nairobi. Familia yake haikuhitaji mwindaji wa nyara anayechagua dume mwenye shungi zuri. Familia inayoishi hapo inahitaji ua imara, askari wa wanyamapori wanaofika upesi, na taa kama zile za Richard Turere, mtoto wa hapo hapo pembeni mwa mbuga, aliyeunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na balbu zinazomweka usiku, simba wakaliepuka zizi la baba yake. Sheria inaahidi shilingi milioni 5 kwa aliyefiwa. Ahadi hiyo ilipwe mapema, si baada ya miaka ya kuzungushwa ofisini.

Majirani zangu, mnauliza nani atagharamia simba. Sisi. Sisi tunaojivunia kuwa na mbuga kilomita saba kutoka katikati ya jiji, tunaopeleka wageni wetu huko Jumapili kisha tukarudi kulala nyuma ya lango lenye mlinzi. Wabunge watenge fedha za fidia katika kila bajeti, wailipe kodi ya ardhi familia inayoacha njia ya wanyama wazi, na mswada wowote wa kurudisha uwindaji wa burudani wautupe. Mfugaji ameshalipa kwa ng'ombe wake na kwa watoto wake. Zamu ni yetu, na tusiikwepe kwa kumuuzia mgeni haki ya kuua.