Kubeba mzigo si kufanya spoti

Kila asubuhi mjini Bukavu, jua likiwa bado chini, wamama wanapanda mlima kuelekea soko la Kadutu. Mzigo uko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imeinama. Ni makala, ni muhogo, ni mchanga wa kujengea. Upande wa Goma, wasichana wanapanda kutoka ziwani na bidoni ya litri 20, na litri moja ya maji ni kilo moja. Mgeni akiwaona hakosi kusema: wamama wa Kivu wana nguvu.

Neno hilo ni la heshima, lakini mara nyingi linatumiwa kufunga mlango. Mama akisema anataka kufanya mazoezi ya nguvu, yaani kuinua vitu vizito kwa mpango ili mwili ujengeke, wa nyumbani wanacheka. Spoti ya nini tena, wakati kazi za nyumba ni spoti tosha? Akifika kwenye sale ya mazoezi, anakuta vyuma vimeshikwa na vijana wa kiume, na yeye anaonyeshwa kona ya kuruka kamba. Watu wanaona ni kawaida, kwa sababu wanaamini kwamba mwanamke wa huku ameshapata sehemu yake ya uzito.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kubeba mzigo na kufanya mazoezi ya nguvu ni mambo mawili, na tofauti yake inaonekana kwenye mgongo na magoti ya mama anapofikisha miaka 50.

Mzigo unachosha, mazoezi yanajenga

Misuli haikui wakati mtu anainua kitu. Inakua baadaye, wakati anapumzika. Uzito unaistua misuli, kisha usingizi na chakula vinaitengeneza na kuiacha na nguvu zaidi kidogo kuliko jana. Ndiyo sababu mazoezi ya kweli yana kipimo: uzito mdogo kwanza, kisha unaongezwa polepole, siku ya kazi, kisha siku ya kupumzika, miguu leo, lakini pia mikono, tumbo na mgongo.

Mzigo wa sokoni haujui kipimo. Hauanzi na kilo 5 ili ufike 20 baada ya miezi. Unaanza na uzito ambao mteja ameleta, na mama akikataa, mwingine ataubeba. Kesho ni ule ule, kesho kutwa vilevile, hata kama ana homa, hata kama ana mimba. Unakaa upande ule ule wa mwili, na sehemu nyingine zinabaki dhaifu. Jioni, badala ya kupumzika, kunamngoja jiko, watoto na maji. Na mara nyingi sahani yake ndiyo ya mwisho kujazwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 38 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 49. Mwili usio na damu ya kutosha unajenga misuli kwa shida. Unajitahidi tu kusimama.

Hivyo kazi ile ile inayosifiwa kuwa nguvu inaacha maumivu ya shingo, mgongo na magoti. Kwa mama aliyezaa watoto wengi, kubeba vizito kila siku kunaongeza pia hatari ya kizazi kushuka. Ni shida ambayo waganga wa Kivu wanaijua vizuri, na ambayo wamama wengi wanaificha miaka na miaka kwa ajili ya haya.

Kwa hiyo mama anayeishi kwa kubeba mizigo hapaswi kuambiwa kwanza aongeze mazoezi. Anachohitaji kwanza ni mzigo mwepesi zaidi, mkokoteni au chukudu pale balabala inaporuhusu, malipo yanayomwezesha kufanya safari chache, na siku moja ya kupumzika. Mazoezi machache ya mgongo, tumbo na misuli ya chini ya nyonga yatamsaidia, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya haki hiyo. Anayemhubiria spoti bila kugusa uzito wa mzigo wake anamdanganya.

Wale wanaokaa siku nzima

Si wanawake wote wa Kivu wanaobeba. Mshonaji anakaa mbele ya cherehani tangu asubuhi. Muuza vitenge anakaa dukani. Mwalimu, karani, mwenye kioski ya simu, wote wanakaa, wanapanda pikipiki, wanarudi nyumbani na kukaa tena. Mama zao walilima mashamba ya Walungu, Masisi au Kalehe. Wao mji umewapa kiti. Lakini wimbo ni ule ule: wewe ni mama wa Kivu, nguvu unazo.

Mwili hausikii wimbo huo. Kuanzia karibu miaka 30, mtu asiyefanyisha misuli yake kazi anapoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli hiyo kila miaka 10, na baada ya miaka 60 inakwenda mbio zaidi. Kwa mwanamke kuna mlima mwingine: hedhi ikikoma, homoni iliyokuwa inalinda mifupa inashuka, na mifupa inaanza kuwa myepesi. Mama anateleza kwenye matope ya mvua, jambo ambalo zamani lingeisha kwa kicheko, na sasa nyonga inavunjika. Mjini kwenye barabara za mawe ya volkeno na milima ya udongo, nyonga iliyovunjika ni mwisho wa biashara, na familia inaanza kutafuta pesa za hospitali.

Misuli ndiyo pia ghala kubwa la sukari mwilini. Baada ya bugali, sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu inapelekwa kwenye misuli. Misuli inayofanya kazi inaipokea vizuri. Iliyolala inaiacha izunguke. Ndiyo maana waganga wanaotibu ugonjwa wa sukari na tansio hawasemi tena juu ya kutembea peke yake. Mwongozo wa 2020 wa Shirika la Afya Duniani, OMS, unasema kwamba mtu mzima, mwanaume kwa mwanamke, anahitaji kufanya mazoezi ya kukaza misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa juma, juu ya dakika 150 za mwendo wa wastani. Kwa waliopita miaka 65, unaongeza mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu siku 3 au zaidi, ili wasianguke.

Ushahidi uko

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya wasichana tu, na kwamba mama wa miaka 60 akiinua chuma atavunjika. Huko Australia, watafiti wa Queensland walijaribu jambo hilo na wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua. Nusu yao waliinua uzito mkubwa kweli mara 2 kwa juma, dakika 30 kila mara, kwa miezi 8, mwalimu akiwasimamia. Wengine walifanya mazoezi mepesi nyumbani. Mwishoni, mifupa ya uti wa mgongo ya kundi la kwanza ilikuwa imeongezeka karibu asilimia 3, na ya kundi la pili ilikuwa imepungua zaidi ya asilimia 1.

Hata uzee wenyewe si kizuizi. Mwaka wa 1990, mjini Boston, Marekani, wazee dhaifu 10 wenye miaka 86 hadi 96, wanaume na wanawake, walitiwa kwenye mazoezi ya uzito ya miguu kwa juma 8. Nguvu za miguu ya waliomaliza zilipanda zaidi ya mara 2. Kama bibi wa miaka 90 anaweza kuongeza nguvu, mama wa miaka 45 anayeuza maharagi Kadutu hana sababu ya kuambiwa kwamba wakati wake umepita.

Woga na maneno ya watu

Woga wa kwanza ni kwamba mwanamke atakuwa na mwili wa mwanaume. Homoni inayojaza misuli ya mwanaume iko kidogo sana kwa mwanamke, na hata wanaume wanaoitafuta misuli mikubwa wanapigana miaka mingi. Mama anayeinua uzito mara 2 kwa juma atapata mgongo ulionyooka na ngazi zisizomkatisha pumzi. Hatapata mabega ya askari.

Woga wa pili ni juu ya uzazi. Hakuna ushahidi kwamba mazoezi ya nguvu yanayofanywa kwa kipimo yanaharibu kizazi. OMS yenyewe inawashauri wanawake wenye mimba isiyo na shida, na waliojifungua, waendelee na mazoezi, ya misuli pia. Aliyejifungua karibuni, aliyepasuliwa, mwenye tansio ya juu, au anayesikia kitu kinashuka chini ya tumbo, aonane kwanza na munganga au mkunga.

Woga wa tatu ni wa maneno. Bwana anauliza ni nani atamwangalia bibi yake akiwa amevaa suruali kwenye sale ya vijana. Jirani anasema mama anatafuta usichana. Maneno haya yana uzito kuliko chuma, na ndiyo yanayorudisha wengi nyumbani. Lakini bwana huyo huyo hashtuki akimwona bibi yake amebeba kilo 40 za makala mbele ya mji mzima. Nguvu za mwanamke hazimsumbui mtu zikitumika kwa ajili ya wengine. Zinasumbua tu pale anapozitafuta kwa ajili ya mwili wake.

Bidoni inatosha

Sale ya mazoezi ina bei, na kutoka nje alfajiri au jioni, katika hali ya usalama ambayo kila mkaaji anaijua, si jambo la kumshauri mwanamke kirahisi. Kwa bahati nzuri, chombo kizuri kiko tayari katika kila nyumba. Bidoni ni uzito unaopimika: litri 3 za maji ni kilo 3, kesho kutwa unaongeza litri nusu. Yule yule mtesaji wa kila siku anageuka mwalimu, kwa sababu safari hii mama mwenyewe ndiye anayeamua uzito.

Mazoezi matano yanagusa karibu mwili wote. La kwanza ni kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika mahali. Likizoeleka, anashika bidoni kifuani. La pili ni kuinama kwenye nyonga, mgongo umenyooka, na kuinua bidoni kutoka chini kwa nguvu za miguu. La tatu ni kujisukuma kwa mikono kwenye ukuta, baadaye kwenye meza. La nne ni kuinama kidogo na kuvuta bidoni hadi kwenye kiuno. La tano ni kutembea uani na bidoni mbili zilizo sawa, moja kila mkono, kichwa juu. Kila zoezi mara 8 hadi 12, isipokuwa la kutembea, ambalo ni hatua 20 hadi 30. Anapumzika, kisha anarudia mzunguko mara 2 au 3. Mara za mwisho ziwe ngumu, lakini zisivunje mwendo. Hewa inatolewa wakati wa kuinua. Kuibana kunasukuma tumbo kuelekea chini. Siku 2 kwa juma zinatosha, na siku moja angalau katikati ya kupumzika. Maumivu makali ya kiungo ni amri ya kuacha.

Na chakula kifuate. Maharagi, sambaza, ndagala, karanga, soya na yai likipatikana ndivyo vinavyojenga. Sombe peke yake na bugali havitoshi, na mama anayekula mabaki ya watoto hajengi chochote.

Yanayobaki ni ya wengine. Wenye sale za mazoezi wanaweza kutenga saa za wanawake mara chache kwa juma. Hiyo haiwaombi ujenzi mpya. Wakubwa wa masomo wanaweza kukataa ile tabia ya saa ya michezo ambapo wavulana wanacheza mpira na wasichana wanakaa chini ya mti wakishika mabegi. Waganga na wakunga wanaweza kuongeza neno moja juu ya misuli wakati wa kupima mimba. Na nyumbani, kijana wa miaka 15 anaweza kwenda ziwani kuchota maji, ili dada yake na mama yake wapate nusu saa, mara 2 kwa juma.

Mwanamke wa Kivu amesifiwa vya kutosha kwa nguvu ambazo hakuulizwa kama anataka kuzitoa. Nusu saa hizo 2 na bidoni aliyoijaza kwa kipimo chake zitamsaidia kuliko sifa, na atakapofika uzeeni atasimama kutoka kwenye kiti chake bila kuomba mkono wa mtu.