Mgeni na Lugha ya Mwenyeji: Masharti ya Wanafunzi wa Kubadilishana Nchini Japani

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa sana wageni wanapolakiwa, lakini ni nadra watu kujiuliza mwenyeji huyo atapona vipi ikiwa yeye na mgeni wake hawasikilizani. Suala hili ndilo kiini cha mjadala kuhusu mipango ya kubadilishana wanafunzi, hasa ile inayowapeleka wanafunzi wa Kijapani katika vyuo vikuu vya Japani. Wapo wanaodai kwamba sharti la kujua Kijapani kabla ya kusafiri ni ukuta uliojengwa kuwazuia Waafrika. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Sharti la lugha ni la haki, na idara za Kiswahili zingefanya vyema kuliiga. Lisilo la haki ni sharti jingine linaloandamana nalo, yaani lile la jina la shahada anayosomea mwanafunzi.

Ieleweke kwanza kwamba Japani ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa Kiingereza. Mnamo 2008 serikali ya nchi hiyo ilitangaza azma ya kuwa na wanafunzi wa kigeni 300,000 kufikia 2020, na mwaka uliofuata vyuo vikuu 13 vikateuliwa kuanzisha shahada zinazofundishwa kwa Kiingereza. Idadi hiyo ilifikiwa na kupitwa mnamo 2019. Mnamo 2023 kukawekwa lengo jipya la wanafunzi 400,000 kufikia 2033. Mwanafunzi anayepita katika mlango huu huweza kukubaliwa pasi na kujua neno la Kijapani. Hapana shaka kwamba mlango huu umewafaa wengi, hasa wa sayansi na uhandisi. Hata hivyo, yawezekana mtu akaishi Tokyo mwaka mzima, akahudhuria mihadhara na kufaulu mitihani, akarejea kwao bila ya kuweza kuzungumza na mama muuza mboga wa mtaani alikokaa.

Mlango wa pili ni wa Kijapani chenyewe. Mfano wake bora ni ufadhili wa Wizara ya Elimu, Utamaduni, Michezo, Sayansi na Teknolojia ya Japani unaofahamika kwa ufupi kama Nikkensei, ambao huwalenga wanafunzi wa lugha na utamaduni wa Kijapani. Anayeuomba sharti awe mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo kikuu kilicho nje ya Japani, awe na umri usiopungua miaka 18 na usiofika 30, na awe amejifunza Kijapani au utamaduni wa Kijapani kwa mwaka mmoja au zaidi. Anayepitia ubalozini hutahiniwa lugha na kuhojiwa. Muda wa masomo ni takriban mwaka mmoja, hakuna shahada inayotolewa, na mwanafunzi hurejea chuoni kwake kukamilisha masomo aliyoyaacha. Kando na ufadhili huu, vyuo vingi vinavyobadilishana wanafunzi humtaka anayenuia kukaa katika mihadhara ya kawaida pamoja na Wajapani awe amefikia kiwango cha N2 au N1 katika Mtihani wa Umilisi wa Kijapani.

Je, masharti haya yanazidi kipimo? Anayeijua lugha yenyewe hatasema hivyo. Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganyika katika sentensi moja: hiragana na katakana, zenye herufi 46 za msingi kila moja, pamoja na kanji, alama zilizotokana na maandishi ya Kichina. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mnamo 2010, ina alama 2,136. Isitoshe, lugha hiyo ina mfumo mpana wa lugha ya adabu. Kitenzi cha kula, taberu, hugeuka kuwa meshiagaru anapotajwa mtu wa kuheshimiwa, na huwa itadaku msemaji anapojinyenyekeza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Yeye anajua kwamba kijana asiyetoa shikamoo mahali panapostahiki shikamoo hakosei sarufi, ila hukosa jambo lililo zito kuliko sarufi. Mwanafunzi anayepelekwa kusoma fasihi ya watu pasi na lugha yao atarejea na picha za majengo tu.

Hata hivyo, kukubali sharti si kukubali kila kipimo chake. Mtihani wa Umilisi wa Kijapani ulianza mnamo 1984 ukiwa na viwango vinne, na tangu 2010 una vitano, kuanzia N5 ulio wa chini hadi N1 ulio wa juu. Hupima maandishi, msamiati, sarufi, ufahamu wa kusoma na ufahamu wa kusikiliza. Mtahiniwa huchagua jibu miongoni mwa majibu aliyopewa. Hatamki neno wala haandiki sentensi. Kwa hivyo, mtu aweza kuwa na cheti cha N2 mkononi na kigugumizi mbele ya mwalimu wake. Idara inayotegemea cheti hiki pekee inapima nusu ya umilisi. Mahojiano mafupi kwa Kijapani na insha ya ukurasa mmoja yangeonyesha yale ambayo mtihani huo hauyaonyeshi.

Kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika sharti la idara. Ufadhili wa Nikkensei hutaka mwombaji awe anasomea shahada inayohusu lugha au utamaduni wa Kijapani. Anayesomea uchumi, uhandisi au kilimo na kujifunza Kijapani kando ya fani yake hastahiki. Katika nchi ambamo Kijapani kina idara na shahada zake, sharti hili halimdhuru mtu. Katika vyuo vya Kenya ambamo Kijapani hufundishwa kama kozi ya ziada, hali ni nyingine. Mwanafunzi wa biashara aliyejifunza kanji usiku kwa miaka mitatu, akafaulu mtihani, huachwa nje. Hakuachwa kwa sababu hajui Kijapani. Ameachwa kwa sababu chuo chake hakina shahada yenye jina hilo, jambo ambalo halimo katika uwezo wake. Hapo kigezo kimeacha kumpima mwanafunzi, kikaanza kuipima nchi yake.

Wapo watakaojibu kwamba sharti la lugha nalo huwaumiza walio mbali na wasio na uwezo. Hoja hii ina uzito. Mtihani hulipiwa, hutolewa mara moja au mbili kwa mwaka, na mtahiniwa aliye Kisumu au Eldoret hana budi kufunga safari hadi Nairobi. Lakini dawa ya umbali ni kuusogeza mtihani na kumpunguzia mwanafunzi gharama. Kuiondoa lugha hakumsaidii. Humkabidhi kwa Kiingereza, ambacho hakwenda Japani kukitafuta.

Mjadala huu unawahusu vipi wanafunzi wa Kiswahili? Unawahusu kwa sababu njia hii hupitwa pande zote mbili. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosomewa shahada katika Chuo Kikuu cha Osaka, kilichoungana na Chuo Kikuu cha Taaluma za Kigeni cha Osaka mnamo 2007. Kijana wa Osaka anayetua Nairobi au Mombasa kuboresha Kiswahili chake anakutana na nini? Mara nyingi fomu za kujisajili, barua za ofisini na hotuba za kumkaribisha huwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mgeni aliyekuja na Kiswahili hujibiwa kwa lugha asiyoiomba. Mwenyeji anayeficha lugha yake ili kumrahisishia mgeni amemnyima kile alichokijia.

Aidha, Kiswahili hakijapata mtihani wa umilisi unaosimamiwa na nchi zake zenyewe na kutolewa siku moja katika mabara yote. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo inayofaa kuongoza kazi hiyo. Mtihani huo usirudie kasoro ya ule wa Kijapani: uwe na sehemu ya kuzungumza na sehemu ya kuandika, na upime adabu ya lugha sawia na upatanisho wa ngeli. Kabla haujapatikana, kila idara inaweza kuanza na dogo: imtake mgeni wa mpango wa Kiswahili aombe nafasi kwa Kiswahili, ahojiwe kwa Kiswahili, na ahudumiwe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa upande wa Japani, wakuu wa vyuo vya Kenya vyenye mikataba na vyuo vya huko wana wajibu wa kudai jambo moja wakati mikataba hiyo inapohuishwa: mwanafunzi apimwe kwa lugha aliyonayo, si kwa jina la idara yake. Sharti la lugha na libaki, tena likazwe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanafunzi wa kubadilishana hurudi kwao baada ya mwaka, na anachokileta nyumbani ni kile tu ambacho ulimi wake umeweza kukibeba.