DNA iliyokunjwa ni rula kabla ya kuwa dawa

Teknolojia mpya ya tiba ikitangazwa, watu huuliza kwanza imetoa dawa gani. Kwa swali hilo, kazi ya kukunja DNA ili ipange protini haina la kujitetea: Paul Rothemund alionyesha ukunjaji wenyewe mwaka 2006 huko California, na famasi bado hazina kitu. Nadhani swali ndilo lenye kasoro. Rothemund alichukua uzi mrefu wa DNA ya kirusi cha bakteria, akaubana kwa vipande vifupi zaidi ya 200, kila kimoja na mahali pake. Ukipachika protini kwenye kipande, unajua itakaa wapi, kwa nanomita. Hiyo ni rula, na chanjo zilikuwa zikihitaji rula kuliko gari jingine la kubebea dawa.

Mwaka 2020 Mark Bathe, Darrell Irvine na wenzao wa MIT waliitumia kuchunguza chanjo ya VVU. Juu ya chembe ya DNA yenye upana wa nanomita 40 walipachika protini iitwayo eOD-GT8, wakawa wanabadili idadi na umbali huku wakitazama seli B za kinga zinavyoamka. Protini tano tu, zikiachana vya kutosha, ziliziamsha kwa kiwango cha juu, na mwamko uliongezeka kadiri nafasi ilivyopanuliwa hadi nanomita 25 au 30. Dhana kwamba wingi ndio nguvu ikatiwa doa. Wala jambo hili haliko mbali nasi: kuanzia mwaka 2022, watu waliojitolea Kigali na Afrika Kusini walichanjwa mRNA inayoufanya mwili uunde protini hiyohiyo, nakala 60 kwenye chembe moja.

Wapo wanaosema DNA ni ghali na vimeng'enya vya mwili huikatakata. Ni kweli, ingawa tangu 2017 kundi la Hendrik Dietz, Munich, limeonyesha kuwa bakteria wanaweza kuzalisha nyuzi zote. Lakini rula haina haja ya kudumu mwilini. Umbali ukishajulikana, chembe ya bei nafuu zaidi inaweza kujengwa kwa vipimo vyake. Pingamizi zito ni jingine. Seli za jaribio lile zilikuwa zimeandaliwa ziitambue protini, ilhali kwa binadamu seli za aina hiyo ni takriban moja kati ya 300,000. Rula haisemi namna ya kuifikia hiyo moja, ndiyo maana majaribio kama ya Kigali hayakwepeki.