Bundi Si Saa ya Mauti

Kisiwani Pemba, kutoka Mkoani mpaka Konde, mtoto hulisikia jambo hili kabla hajajua kusoma: bundi akilia juu ya paa, au juu ya mti ulio karibu na nyumba, mtu wa nyumba ile atakufa. Wapo wanaoongeza masharti, wakaangalia alilia mara ngapi, kakaa upande gani, na nani ndani amelala mgonjwa. Wapo wanaosema hakuja kwa hiari yake, katumwa. Kiini cha maneno yote hayo ni kimoja: ndege huyu amefanywa saa ya mauti, na mlio wake unahesabiwa kuwa ni saa inayogonga.

Wanaosema hivi si watu wa kudharauliwa. Ni bibi zetu na ami zetu, watu waliouguza, waliokosha maiti, waliozika. Hoja yao ni ushahidi wa masikio: usiku ule alilia, na kabla ya alfajiri mzee akafariki. Mimi sikatai kwamba alilia, wala sikatai kwamba mzee alifariki usiku uleule. Ninachokikataa ni kile kinachosemwa kuwa kimeyaunganisha mambo hayo mawili.

Tuanze na ndege mwenyewe, maana wengi wanaomwogopa hawajapata kumwona. Bundi anayesikika sana katika mashamba ya Pemba ni mdogo, hafiki ukubwa wa njiwa. Rangi yake huelekea wekundu wa kutu, macho yake ni ya manjano, na juu ya kichwa ana vishungi vifupi mfano wa masikio. Wataalamu wa ndege humwita Otus pembaensis, jina alilopewa mwaka 1937 na Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Zanzibar aliyewachunguza sana ndege wa visiwa hivi. Anaishi katika msitu wa Ngezi, na anaishi pia katika mikarafuu, hasa ile mikongwe. Chakula chake ni wadudu. Giza likishaingia huanza kutoa sauti, "hu" moja moja yenye kituo baina yake, au mfululizo wa haraka, na mara nyingi dume na jike hujibizana. Kwa mlio huo anamwita mwenzake na kuwaarifu bundi wengine kwamba mahali hapa pana wenyewe. Jogoo hufanya kazi hiyohiyo asubuhi, na hakuna anayetoka kuchimba kaburi.

Ndege huyu analia usiku huu, atalia kesho na keshokutwa, katika mashamba yanayozunguka nyumba za watu. Sasa tutazame upande wa pili, ule wa vifo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Pemba watu 543,441. Tukikisia kwamba katika kila watu 1,000 hufariki 6 kwa mwaka, basi Pemba huzika watu wapatao 3,260 kila mwaka, karibu 9 kila siku. Hakuna usiku unaopita Pemba bila ya msiba, na hakuna usiku unaopita bila ya bundi kulia. Mambo mawili yanayotokea kila siku katika kisiwa kimoja yatakutana tu, tena mara nyingi sana, hata kama hayajuani. Anayetaka kuonyesha kwamba moja linalileta jingine haitoshi atuhesabie siku yalipokutana. Atuhesabie pia usiku aliolia na watu wakaamka salama, na misiba iliyoingia nyumbani bila ya mlio wowote kusikika. Hesabu hiyo haifanywi na mtu, kwa sababu usiku uliopita salama hauna kisa cha kusimuliwa barazani.

Lakini hesabu peke yake haielezi kwa nini imani hii ina nguvu kiasi hiki. Lazima tuulize nani yuko macho saa nane ya usiku. Katika nyumba yenye afya, saa hizo kila mtu kalala, na bundi anaweza kulia juu ya mwembe mpaka akachoka asisikiwe na yeyote. Katika nyumba yenye mgonjwa mambo ni mengine. Binti kakaa kando ya kitanda na kitambaa cha maji, mwingine anachemsha uji, mtoto wa kiume yupo ukumbini hana usingizi, na wote wamenyamaza wakisikiliza pumzi. Ukimya kama ule huvuta kila sauti iliyoko nje. Mbwa akibweka, nazi ikianguka, bundi akilia, kila kimoja kinaingia ndani na kutafutiwa maana. Halafu taa inawaka. Tangu umeme ulipofika kisiwani kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, nyumba nyingi zenye mgonjwa huacha taa ya nje ikiwaka usiku kucha. Taa huleta nondo na kumbikumbi, na ndege anayekula wadudu ana kila sababu ya kusogea pale chakula kilipo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba bundi kweli husikika zaidi kwenye nyumba za wagonjwa. Husikika kwa sababu watu wako macho na taa inawaka. Ugonjwa umemtangulia.

Namkumbuka bi mkubwa mmoja, upande wa Wete, aliyeshikwa na kichomi. Usiku wa tatu bundi alikaa kwenye mfenesi nyuma ya jiko akalia muda mrefu. Mwanawe mkubwa alitoka kumrushia mawe, akarudi kajiinamia, akaanza kutaja majina ya watu wa kuja kumsomea mama Yasini. Mdogo wake wa kike akamwambia, "Kaka, mama anapumua. Anayepumua hupelekwa hospitali, Yasini tutasoma njiani." Ikatafutwa gari kabla ya adhana. Bi mkubwa akalazwa, akachomwa sindano, akarudi, na msimu uliofuata alikuwa mkekani akichambua karafuu na wajukuu zake. Sijamsikia mtu yeyote wa nyumba ile akikihadithia kisa cha bundi wa usiku ule. Lau angefariki, kisa hicho kingehadithiwa mpaka leo.

Kuna watu, baadhi yao wenye elimu kubwa, wanaodhani mambo haya ni ya Pemba peke yake. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931, alikieleza kisiwa hiki kuwa makao makuu ya uchawi, na sifa hiyo imetuganda. Lakini kwao Waugh, kwa karne nyingi, watu walikuwa wakiogopa saa ya mauti iliyofichika ukutani. Katika nyumba za mbao kuukuu usiku husikika mdundo mwembamba, tik, tik, tik, na waliokesha na mgonjwa waliamini kwamba ni saa isiyoonekana inayomhesabia dakika zake za mwisho. Tabibu Thomas Browne, katika kitabu kilichotoka kwanza mwaka 1646, aliikabili hofu hiyo kwa njia nyepesi: aliwakamata wadudu wanaotoa mdundo huo, akawatia ndani ya visanduku vyembamba, akakaa kuwasikiliza wakigonga. Leo inajulikana vizuri kwamba mgongaji mkuu ni mdudu mdogo mwenye gamba gumu, mtoboaji wa mbao, tuseme dumuzi wa boriti, anayepiga kichwa chake kwenye mti kumwita mwenzake wa kujamiiana. Bundi wa Pemba na dumuzi wa Uingereza wanafanya jambo moja, na wote wawili wamesingiziwa jambo moja na watu wenye huzuni moja.

Wazungu hao walikuwa na imani nyingine, kwamba saa kubwa ya nyumbani husimama yenyewe mwenye nyumba anapokata roho. Wimbo wa Henry Clay Work wa mwaka 1876 uliisambaza Marekani na Uingereza kote. Hapa sababu iko wazi zaidi. Saa za zamani zilikuwa zikitiwa ufunguo, nyingi mara moja kwa wiki, na aliyezitia ufunguo mara nyingi alikuwa mzee wa nyumba. Mzee akilala kitandani siku nane, nani anakumbuka saa? Husimama. Tena palikuwa na desturi ya jamaa kuisimamisha kwa mkono pale mtu anapofariki, na mjukuu anayeikuta imesimama miaka baadaye haambiwi ni mkono wa nani. Saa ilisimama kwa sababu mtu anaugua, ila simulizi ikageuza mambo, ikawa saa ndiyo iliyojua.

Niliwahi kujibiwa kwa hoja nzuri, na sitaki kuiruka. Mzee mmoja aliniuliza: kama mbwa hunusa asichokinusa mtu, kwa nini ndege asijue mauti? Hoja hii ina mfano wa kweli. Mwaka 2007 daktari David Dosa aliandika, katika jarida kubwa la tiba la Marekani, habari za paka aitwaye Oscar aliyekuwa akiishi katika nyumba ya wagonjwa mjini Providence, ambaye alizoea kwenda kulala kando ya wagonjwa waliobakiza saa chache. Huenda alikuwa akinusa mabadiliko ya mwili. Lakini paka yule alikuwa chumbani, juu ya godoro, pua yake sentimita chache kutoka kwa mgonjwa. Bundi yuko nje, juu ya mti, anawinda kwa macho na masikio, na mlio anaoutoa ni uleule anaoutoa porini Ngezi ambako hakuna nyumba wala mgonjwa.

Na kwa sisi Waislamu wa Pemba, jambo hili lilikwisha kusemwa zamani, na kwa uwazi kuliko ninavyoweza mimi. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na ndege wao wa mauti, wakimwita hama, na wengi walimsema kuwa ni bundi. Mtume Muhammad (s.a.w.) alimtaja kwa jina akaikanusha itikadi hiyo, pamoja na ile ya kuona mkosi katika ndege, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim. Hakuishia hapo. Mwanawe Ibrahim alipofariki Madina katika mwaka wa 10 wa Hijria, jua lilipatwa siku hiyohiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Hebu fikiria mkutano wa mambo mawili ulio mkubwa kuliko huo. Baba aliyefiwa, katika siku ya huzuni yake, aliwaambia watu kwamba jua na mwezi ni alama katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Kama jua halikupatwa kwa mtoto wa Mtume, kwa nini bundi alie kwa ajili yetu? Na Sura ya Luqman inafundisha katika aya yake ya 34 kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Huwezi kuisoma aya hiyo juu ya mkeka wa matanga kisha ukatoka nje ukampa ndege elimu hiyo.

Huulizwa, kuna ubaya gani mtu akiogopa tu? Ubaya upo, na wa kwanza ni kwa mgonjwa mwenyewe, anayesikia. Analala pale, anausikia mlio, halafu anaona watoto wake wanatazamana. Mtu akishaonyeshwa kwamba jamaa zake wamemkatia tamaa, uji hautaki, dawa haitaki, na safari ya hospitali anaiona ni usumbufu kwa watu wake. Ubaya wa pili ni kwa jirani. Bundi "aliyetumwa" lazima awe na mtumaji, na mtumaji hutafutwa palepale kitongojini, mara nyingi bibi kizee anayeishi peke yake, asiye na mtu wa kumtetea. Baada ya maziko watu wanaacha kumpa salamu. Nimeyaona macho ya mwanamke aliyenyimwa salamu na watu aliowalea mwenyewe, na tangu siku ile siwezi kuzungumza habari hii kama mchezo. Ubaya wa tatu ni kwa ndege. Bundi huyu mdogo hayupo Unguja, hayupo Tanga, hayupo Mombasa. Kila anayepigwa jiwe Pemba anapungua katika idadi ya wale waliobaki duniani kote.

Wanaouguza nyumbani wanahitaji dalili za kuangalia, na dalili za kweli zipo, ziko kitandani. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki, huyo yuko hatarini. Vivyo hivyo mtu wa umri wowote anayepumua kwa kasi au kwa kujivuta. Mama mjamzito anayetokwa na damu, au anayelalamika kichwa kumuuma sana au macho kuona ukungu. Mzee ambaye mdomo wake umepinda upande mmoja, mkono umekosa nguvu, au maneno yake ghafla hayafahamiki. Ukiona mojawapo ya hayo saa nane ya usiku, amsha mwenye gari, mchukueni mgonjwa hospitali saa ileile, msingoje kuche.