Laini Mbili Nyuma ya Mlima
Na Salum Mkude

Mkulima wa kabichi wa Nyandira, kwenye milima ya Uluguru, hajali sana ukuta wa duka la simu umepakwa rangi gani. Anachouliza ni kama simu itashika mtandao nyuma ya mlima, kama chaji inakaa, na kama tochi yake inamulika vya kutosha akirudi shamba giza limeingia.

Maswali hayo ndiyo yaliyoibeba Nokia 1100 ya mwaka 2003. Haikuwa na kamera, wala kioo chake hakikuwa cha rangi. Ilikuwa na tochi, vitufe vyake vilikingwa dhidi ya vumbi, na chaji ilidumu siku kadhaa. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250.

Kisha ikaja Tecno ya Transsion, kampuni iliyoanzishwa 2006 na kuigeukia Afrika 2008. Ni kweli ilijitangaza kwa nguvu, hata kuta za maduka zikageuka buluu. Lakini buluu peke yake isingeiangusha Nokia. Tecno ilisambaza simu za laini mbili wakati ambapo kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali na watu wakichomoa laini moja kuweka nyingine. Huku Uluguru faida iliongezeka, maana mlima unaoziba mnara wa kampuni moja huenda usizibe wa nyingine. Nokia, yenye jina kubwa kuliko zote, ilisubiri hadi 2010 ndipo ikatangaza simu ya laini mbili. Ilikuwa imechelewa.

Jina nalo huweza kuumiza. Simu bandia zenye nembo za wakubwa zilizagaa hadi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozizima Juni 2016, na watu wakawa wanabonyeza *#06# kupata namba ya kuhakiki simu zao. Wanaosema soko huchuja ubovu lenyewe wakumbuke kwamba uchujaji ule ulilipiwa na mnunuzi.

Tangazo linaweza kuuza simu ya kwanza. Ya pili huuzwa na jirani aliyeitumia masika nzima, pamoja na fundi anayepata spea zake.

Sasa kuna suala la betri. Simu janja nyingi zimefungwa, betri haichomoki kwa mkono. Zamani mtu wa Matombo aliibadilisha mwenyewe. Leo huenda akalazimika kushuka mjini, alipe nauli na ufundi. Matangazo yamejaa kamera. Kampuni itakayorudisha betri ya kuchomoa kwenye simu janja ya bei nafuu, na kuleta spea hadi Mgeta na Kinole, itauza huku milimani hata bila kupaka ukuta mmoja.